Kila Mtu kwa Jina Lake

Ofisi ambayo mtandao wake haujashikwa na fundi utaitambua kwa flashi. Inatoka kwenye kompyuta ya mhasibu, inakwenda kwa katibu, inachomekwa kwenye laptopu iliyo karibu na printa, kisha inarudi na virusi vinavyoficha mafaili yote na kuacha alama za njia za mkato zisizofika popote. Barua moja inazaa nakala sita: "barua mpya", "barua mpya kabisa", "barua ya mwisho 2". Mwenye flashi akisafiri nayo mfukoni, kazi ya wiki nzima imesafiri naye. Ofisi za namna hiyo zimejaa Kampala na Mbarara, na zimo hata ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kila nikiingia katika mojawapo humkumbuka mtu ambaye hasifiwi sana, yule fundi anayekuja kuzifanya kompyuta tano ziwe na hifadhi moja, printa moja na orodha ya watumiaji wenye majina yao wenyewe.

Nataka kumsifu fundi huyo, tena taratibu, kwa sababu kazi yake haijionyeshi. Fundi seremala akimaliza meza utaipapasa. Huyu akimaliza, watu wanafungua faili, wanachapa barua, wanakwenda nyumbani, na hakuna anayejua kwamba kuna jambo limefanyika.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda wakiwa wa kwanza, na leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, zaidi ya watu 100,000, wametawanyika katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Ukitaka vifaa vya maana unakwenda Mbarara, zaidi ya saa moja kwa gari barabara ikiwa nzuri. Mbarara ilipandishwa kuwa jiji mwaka 2020, na tangu 1989 ina chuo kikuu chake cha sayansi na teknolojia, ambako vijana wengi wa eneo hili wanasomea kompyuta. Lakini mafundi wa Nakivale hawakupita chuoni wote. Wengine walianza kwa kutengeneza simu kwenye kibanda, wakapanda kwenye laptopu, wakaishia kwenye mitandao. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na hawa wameitumia ruhusa hiyo ipasavyo.

Maisha ya mkimbizi ni maisha ya karatasi. Kuna hati ya familia, kitambulisho, barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa Mbarara, matokeo ya mtoto ya shule, fomu ya kuomba nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Karatasi ikikosewa herufi moja ya jina, mtu anaweza kurudishwa mlangoni. Na karatasi zote hizo siku hizi huanzia ndani ya kompyuta ya mtu fulani. Mwaka 2018, baada ya madai kwamba idadi ya wakimbizi ilikuwa imeongezwa vitabuni, Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, waliwahakiki wakimbizi wa nchi nzima kwa alama za vidole. Idadi iliyokuwa ikitajwa, takriban milioni 1.4, ikashuka hadi kama milioni 1.1. Aliyeshuhudia foleni zile hahitaji kuelezwa kwa nini ni muhimu kujua nani aliandika nini kwenye rekodi, lini, na kwa idhini ya nani.

Kwa hiyo fundi mzuri haanzi na waya. Niliwahi kukaa nyuma ya mmoja wao katika ofisi ndogo ya Base Camp, mahali panapotoa ushauri kwa akina mama na kuendesha mafunzo ya ushonaji. Mkoba wake aliuacha umefungwa. Alitoa daftari la kaunta na rula, akachora jedwali. Upande wa kushoto aliandika watu: mkurugenzi, mhasibu, washauri wawili, mwalimu, kijana wa mapokezi. Juu aliandika mafolda: fedha, kesi, mafunzo, picha, barua za kawaida. Kisha akaanza kuuliza, kisanduku baada ya kisanduku. Mwalimu anahitaji kusoma kesi? Hapana. Mkurugenzi je? Hapo ofisi nzima ikanyamaza. Mkurugenzi mwenyewe alisema bila shaka. Mshauri mmoja, mama wa makamo kutoka Bukavu, Kongo, akasema kwa upole kwamba akina mama wanaokuja kwake hueleza mambo ambayo hawajawaambia hata waume zao, na kwamba waliahidiwa yatabaki kwake na kwa mwenzake. Wakajadiliana muda mrefu. Mwishowe mkurugenzi akakubali kuona idadi ya kesi na aina zake, siyo majina wala maelezo.

Fundi hakutia neno. Alingoja wamalize, akaandika alama ndogo ndani ya kisanduku. Hapo ndipo nilipouona ufundi wenyewe. Mtu mwingine angempa mkurugenzi kila kitu kwa sababu ni mkurugenzi, na mkurugenzi ndiye anayelipa. Huyu alifahamu kwamba mtandao unawalazimisha watu waamue jambo ambalo miaka yote waliliacha bila kuamua, na akawapa nafasi ya kuliamua. Uganda ina sheria ya ulinzi wa data na faragha tangu 2019, na alama ile aliyoandika kwa kalamu ya bluu ilikuwa sheria hiyo ikitekelezwa.

Wazo la kwamba kila mtu ana sehemu yake ndani ya mashine moja lina umri wa zaidi ya miaka 60. Pale MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Fernando Corbató na wenzake walijenga mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa zamu za haraka mno. Ndipo yakahitajika maneno ya siri. Na wizi wa kwanza unaojulikana wa maneno hayo ulipitia kwenye printa. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliyegawiwa saa 4 tu kwa wiki, aliiomba mashine kwa kadi ya matundu imchapie faili lenye maneno ya siri ya watumiaji wote, na mashine ikamchapia. Napenda kisa hiki kwa sababu ndani yake yamo yote matatu, akaunti, faili na printa, na kinaonyesha kwamba ukiziba mlango wa moja ukasahau nyingine hujaziba kitu. Mwishoni mwa muongo huohuo Ken Thompson na Dennis Ritchie wakaanza kujenga Unix kwenye maabara ya Bell. Mpangilio wake wa ruhusa ungali unatumika: kila faili lina mwenyewe, lina kikundi chake, na kuna wengine wote, na kwa kila mmoja wa hao watatu unaamua kama atasoma, ataandika au ataendesha.

Ni mpangilio mwepesi kuueleza na mgumu kuutumia vizuri. Ugumu wake unaonekana siku ya tatu hivi baada ya fundi kuondoka. Mshauri wa kwanza ameandika ripoti, ameihifadhi kwenye folda la pamoja. Mshauri wa pili anaifungua, anaisoma, anarekebisha sentensi, akihifadhi anaambiwa hana ruhusa. Faili limezaliwa na alama ya aliyeliandika peke yake. Fundi wa haraka akipigiwa simu hutibu ugonjwa huu kwa kuandika 777, ruhusa zote kwa mwenyewe, kwa kikundi na kwa wengine, yaani kila mtu afanye anachotaka kwenye kila kitu. Simu hazipigwi tena, mteja anafurahi, na kuanzia siku hiyo ofisi haina faragha yoyote. Nakasirishwa sana na 777. Ni sawa na kung'oa milango yote ya nyumba kwa sababu ufunguo mmoja ulikwama.

Fundi niliyemtazama aliandika 2770. Ile 2 ya mbele, ambayo wengi hawajui kazi yake, inaliagiza folda kwamba kila faili litakalozaliwa ndani yake lichukue kikundi cha folda, si kikundi cha mwandishi. Saba mbili zinazofuata zinawapa mwenye folda na kikundi chake uwezo kamili ndani yake, na sifuri ya mwisho inawafungia nje wengine wote. Aliandika namba hizo nne, akaiagiza seva kwamba kila faili jipya kikundi kiweze kuliandika, kisha akakaa kwenye kompyuta ya mshauri wa kwanza akatengeneza faili la majaribio, akahamia kwa wa pili akalibadilisha, akahamia kwa mwalimu akajaribu kulifungua. Likakataa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akalifuta, akarudia zoezi hilo kwenye kila folda na kwa kila mtu aliyeko kwenye jedwali lake. Ilimchukua sehemu kubwa ya alasiri. Mtu aliyekuwa akimtazama kutoka mlangoni angedhani kijana huyu hana kazi.

Nilimuuliza kwa nini anahangaika na vikundi wakati ofisi ina watu sita tu. Akanijibu kwamba Nakivale watu huondoka. Mshauri leo yuko, mwezi ujao ameitwa, amepata ndege ya kwenda Kanada, na taarifa anaweza kuipata siku chache kabla. Mtu wa kujitolea anamaliza mkataba. Mfadhili anakatisha mradi. Ruhusa zikiandikwa kwa majina ya watu, kila kuondoka ni kuanza upya, na katika kuanza upya ndimo makosa yanamoingia. Zikiandikwa kwa kikundi cha "washauri", mtu anayeondoka anatolewa kwenye kikundi, anayekuja anaingizwa, kazi imekwisha. Akaunti ya aliyeondoka haifutwi siku hiyohiyo. Inafungwa, mafaili yake yanakabidhiwa kwa mtu aliyeandikwa daftarini, na jina lake linabaki kwenye kumbukumbu za kazi aliyoifanya. Nimefikiri sana kuhusu jambo hilo la mwisho. Katika mahali ambapo watu hupita, mtu ameacha alama kwamba tarehe fulani, saa fulani, yeye ndiye aliyeandika ukurasa huu.

Na majina yenyewe si jambo jepesi. Vitabu vya mafunzo vinasema chukua herufi ya kwanza ya jina la kwanza, uunganishe na jina la ukoo. Jaribu hivyo Nakivale. Msomali ana jina lake, la baba na la babu, wala hakuna la ukoo kati ya hayo. Mkongo ana jina, jina la nyongeza na jina la ubatizo, na karatasi tofauti zinayapanga kwa mfuatano tofauti. Kuna akina Mohamed wanne katika jengo moja. Fundi alimuuliza kila mtu: "Watu hapa wanakuitaje?" na akatumia hilo, akaliongezea herufi pale lilipogongana na lingine. Nyuma ya daftari akaandika jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha mkimbizi, ili kusiwe na utata baadaye.

Ilipofika zamu ya mama wa Bukavu kuweka nenosiri, fundi aligeuza kiti akatazama ukutani.

"Mwanangu, mbona unanipa mgongo?"

"Hili ni lako, Mama. Mimi sitakiwi kulijua."

"Na nikilisahau je?"

"Utaniita, nitakuwekea jipya. Lile la zamani sitaweza kukuambia, hata mimi siwezi kuliona."

Mama akacheka, akaandika, akabonyeza. Ikakataa. Akaandika tena polepole, ikakataa. Hapa kuna tatizo ambalo nadhani Ulaya wamelisahau lakini Nakivale lipo kila siku. Kompyuta nyingi zinazofika huku ni za mitumba, na zile zilizotoka Ufaransa au Ubelgiji zina kibodi ya AZERTY. Wakongo na Warundi wengi waliosoma kwa Kifaransa wanaipenda, vidole vyao vimeizoea. Lakini mashine ikiwa imewekwa Kiingereza, kitufe kilichoandikwa A kinatoa Q, chenye Z kinatoa W, M imehamia pembeni, na tarakimu, ambazo kwenye AZERTY hazitoki bila kubonyeza kitufe cha herufi kubwa, hugeuka alama nyingine mtu akikibonyeza alivyozoea. Na nenosiri huonekana kama nukta tu, kwa hiyo mtu anaamini amekosea yeye. Fundi alimwambia aandike a, q, z, w na m kwenye nafasi ya jina, mahali ambapo herufi zinaonekana. Zikatoka zimechanganyikana. Basi akaifungia akaunti ya mama huyo lugha ya Kifaransa na kibodi ya Kifaransa, ya mwenzake Kiingereza, na kwenye ukurasa wa kuingilia akaweka kitufe cha kuchagua. Mashine ileile ikawa ya Kifaransa kwa mmoja na ya Kiingereza kwa mwingine, kulingana na aliyeketi mbele yake. Mama alipoingia akaona "Bienvenue", akaketi vizuri zaidi.

Programu inayoiwezesha seva ndogo ya Linux, yaani kompyuta ya hifadhi ya pamoja yenye mfumo wa jamii ya Unix, kuzungumza na kompyuta za Windows inaitwa Samba. Aliyeianza, mwishoni mwa 1991, alikuwa mwanafunzi wa Australia, Andrew Tridgell, pale Canberra. Hakuwa na kitabu cha kumweleza kompyuta zile zinaambiana nini. Alisikiliza mazungumzo yao kwenye waya, akatuma ujumbe wake, akaangalia anajibiwa nini, akasahihisha. Mwenyewe amewahi kuifananisha njia hiyo na kujifunza Kifaransa kwa kukaa mkahawani na kusikiliza wateja wanaagiza nini na wanaletewa nini. Wakazi wengi wa Nakivale walijifunza Kiswahili au Kinyankole namna hiyohiyo, sokoni, bila mwalimu. Miaka mingi baadaye, baada ya kesi ndefu katika Umoja wa Ulaya, mwishoni mwa 2007 kikundi cha Samba kikapata nyaraka rasmi kutoka Microsoft. Kufikia hapo walikuwa wameshaijua lugha ya kompyuta hizo vizuri sana. Wanagawa kazi yao bure, na ndiyo maana ofisi ya ushonaji huko Isingiro inaweza kuwa na seva bila kulipia leseni hata shilingi moja.

Lugha hiyo ya kompyuta ina toleo la zamani, la kwanza kabisa, ambalo fundi yeyote makini analizima. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipitia humo vikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu, ingawa kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla. Zima basi, mambo yaishe? Kuna mashine kubwa za kudurufu, za mitumba pia, ambazo zinaweza kuskani karatasi na kuituma moja kwa moja kwenye folda, lakini hazijui lugha nyingine isipokuwa ile ya zamani. Ukizima toleo la kwanza, mashine inakuwa bubu. Ukiliacha wazi, umeacha mlango dhaifu kwa ajili ya mashine moja. Nilimwona fundi akikaa na tatizo hili kwa muda, mikono kifuani. Alichofanya ni kuweka kompyuta ndogo kuukuu kati ya mashine ya kudurufu na seva, imeunganishwa na kila upande kwa waya wake. Upande mmoja inasikiliza lugha ya zamani kutoka kwa mashine ile tu, upande wa pili inapeleka mafaili kwa lugha mpya, na hakuna kitu kingine kinachoweza kupita. Hakuna mteja atakayejua kwa nini kile kisanduku kipo. Mimi nakihesabu miongoni mwa kazi nzuri kabisa nilizoziona.

Printa ndiyo inayomletea fundi simu nyingi. "Printa imepotea" ni malalamiko utakayoyasikia kila mahali, na mara nyingi maana yake ni kwamba umeme ulikatika, rauta ikawaka upya, ikaipa printa anwani nyingine, na kompyuta zinaendelea kuitafuta kwenye anwani ya jana. Dawa yake ni kuiagiza rauta iitunzie printa anwani moja milele. Kazi ya dakika mbili, na nashangaa jinsi inavyorukwa.

Tatizo la pili linanifurahisha zaidi kulieleza. Printa inapepesa taa, kazi imekwama, karatasi imejaa kwenye trei, hakuna kilichokunjamana. Sababu ni kwamba programu nyingi hutoka kiwandani zikidhani dunia nzima inatumia karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, ambayo ni pana kidogo na fupi kidogo kuliko A4. Printa inamngoja mtu amletee karatasi ambayo maduka ya Mbarara hayauzi. Katibu anazima, anawasha, kazi inarudi foleni, inakwama tena, na nyuma yake zimepangana barua za watu wengine kumi na moja. Fundi huweka A4 mahali patatu: kwenye printa yenyewe, kwenye seva, na kwenye kila programu ya kuandikia. Akiweka mahali pawili tu atarudi.

Halafu kuna umeme. Ofisi nyingi za Nakivale zinategemea sola. Seva ndogo kama Raspberry Pi na diski yake haili hata wati 15, laptopu moja inakula wastani wa wati 30 hadi 60, na betri zinaweza kuvibeba vyote hivyo siku nzima. Printa ya leza ni jambo jingine. Inabandika wino wa unga kwenye karatasi kwa joto, na inapopasha moto huweza kuvuta mamia ya wati, wakati mwingine zaidi ya 1,000, kwa ghafla. Inveta inalia, inajizima, na kila aliyekuwa akiandika amepoteza sentensi yake. Fundi asiyejua hili atalaumu betri na kuuza betri nyingine. Anayejua ataweka printa ya matanki ya wino wa maji, inayotosheka na wati 20 au chini yake, kwa kazi za kila siku, na leza ataifungia saa za jenereta. Zaidi ya hapo ataiagiza seva kwamba betri ikishuka chini ya kiwango fulani ifunge mafaili yote kwa adabu na kujizima yenyewe, kabla umeme haujaikatia njiani.

Hata mahali pa kuiweka printa ni uamuzi. Mkurugenzi aliitaka mapokezi, ili wateja waone ofisi ina vifaa. Fundi aliomba ikae chumba cha ndani, kwa sababu barua ya rufaa ya mgonjwa inatoka na kulala kwenye trei uso juu, na mapokezi wamekaa majirani zake. Chumba cha ndani hakikuwezekana, mlango wake ulikuwa mbovu. Wakakubaliana ibaki mapokezi, ila kazi za washauri zisitoke mpaka mwenyewe afike na kubonyeza namba yake ya siri kwenye printa. Na kitambaa juu yake wakati wa kiangazi, kwa sababu vumbi la Isingiro huingia kwenye magurudumu ya mpira na karatasi zikaanza kuvutwa mbilimbili.

Waya nimeuacha nyuma, ingawa fundi mwenyewe angeanza nao akiulizwa anajivunia nini. Alikwenda Mbarara kuununua mwenyewe badala ya kuagiza kwa dereva. Dukani alitoa wembe, akaomba kipande, akakwangua uzi mmoja wa ndani. Ukitoa weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Ni rahisi bei, lakini ukikunjwakunjwa hukatika, na kwa masafa marefu hupoteza nguvu. Kwenye duka la kwanza ulitoa weupe, akashukuru akaondoka. La pili pia. Kwenye la tatu ulikuwa shaba hadi ndani. Aliporudi alizikata ncha, akazipanga nyuzi nane kwa mpangilio ule unaofahamika, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, akazinyoosha kwa kidole gumba mpaka zikalingana, akazisukuma kwenye kichwa cha plastiki na kukitazama kwa mbele dhidi ya mwanga wa dirisha kuona kama ncha zote nane zimefika mwisho. Ndipo akabana kwa koleo. Kila ncha aliivuta kwa nguvu baada ya kuibana. Moja ilichomoka. Aliikata akaanza upya, bila hata kuguna.

Kazi ilipokwisha alifanya mambo mawili ambayo hayakuwa kwenye makubaliano. La kwanza, alimwomba mhasibu afute faili lolote la fedha, la kweli. Mhasibu akasita. Akarudia ombi. Faili likafutwa, kisha fundi akalirudisha kutoka kwenye diski ya akiba, na mhasibu akalifungua akahesabu safu zote kuhakikisha ni lilelile. Akiba ambayo haijawahi kurudishwa, alisema, hana hakika kama ni akiba. Diski hiyo imefungwa kwa nenosiri, na kila Ijumaa inahamishiwa jengo jingine, ili moto au mwizi asichukue seva na akiba kwa pamoja.

La pili lilihusu daftari. Kurasa za mwisho alikuwa ameandika, kwa Kiswahili, hatua za kuwasha kila kitu baada ya umeme kukatika. Alimpa kijana wa mapokezi, ambaye ndiye aliyejua kompyuta kidogo kuliko wote, akazima kila kitu, akatoka nje akasimama kivulini. Kijana akasoma kwa sauti, akawasha inveta, akangoja dakika mbili kama ilivyoandikwa, akafika mstari wa saba, "washa swichi", akasimama. Ukutani kulikuwa na swichi tatu. Akaita. Fundi akaingia, akabandika karatasi za gundi zenye A, B na C, akaufuta mstari wa saba na kuuandika upya, akazima kila kitu tena, akatoka.